Msaada wakuu: Benz E280, nikiwasha taa mshale wa joto unapanda, stata inagoma. Ninunue kontrol boksi?

Kijana wa Chumbageni

Wakuu habari za mihangaiko. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana hapa nilipo hata usingizi sipati. Nina Benz E280, hizi W124, ya mwaka 98, petroli, otomatiki, silinda sita za mstari mmoja. Gari imetunzwa na haijawahi kusumbua, sasa ghafla imekuwa kichaa kwenye umeme.

Asubuhi nikipiga stata inajibu "tik" halafu kimya, narudia "tik", nahangaika nayo mpaka iamue yenyewe. Ikishawaka mshale wa joto unakaa 80 vizuri tu ila nikiwasha taa kubwa unaruka mpaka karibu na 100, nikizima taa unarudi hapohapo. Nikiweka indiketa, taa za dashibodi nazo zinafifia na kuwaka kwa kuifuata. Redio inaunguruma, nikikanyaga mafuta nayo inapandisha mlio. Na sasa imeongeza kituko kingine, pedali ya mafuta imekuwa nzito, mara nyingine inakwama.

Betri nimeweka mpya, hakuna kilichobadilika. Fundi anasema kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa na kuna jamaa Dar anayo ya mtumba kwa milioni moja na laki mbili. Swali langu ni moja tu, ninunue au nisinunue? Muda sina, gari lazima iwe imetulia kabla ya mwisho wa mwezi. Wajuvi karibuni.

Nyundo Saba

Nakaa kiti cha mbele nasubiri wataalamu wa Mjerumani.

Bwana Rejeta

Kijana hiyo gari inachemsha usijidanganye. Mshale ukipanda maana yake joto limepanda, wewe unahangaika na taa wakati silinda hedi inaungua. Mimi nilikuwa na Mark II, natoka Korogwe naenda Dar, mshale ukaanza kucheza hivyohivyo nikasema ni senza, nimefika mbele ya Segera moshi mweupe, nikalala pale na mke na watoto mpaka asubuhi, hedi imepinda, gasketi imekwisha, ile safari tulikuwa tunaenda msibani na tulifika watu wameshazika. Toa thamostati, flashi rejeta, weka kulanti. Usimsikilize mtu.

Kijana wa Chumbageni

Mkuu pole kwa yaliyokukuta lakini hii haichemshi. Mshale unapanda sekunde ileile ninayogusa swichi ya taa na unashuka sekunde ileile ninayozima. Maji hayawezi kupata moto na kupoa kwa kasi hiyo. Narudi kwenye swali langu, boksi ninunue?

Pwani Kavu

Uza hiyo nunua IST ulale usingizi wako. Mjerumani mzee anataka mtu mwenye duka la spea nyumbani.

Mla Nundu

Benz imeharibika Tanga, taa zinawaka zenyewe na kufifia, pedali inashikwa na mtu asiyeonekana, halafu mnataka kumpeleka kwa fundi umeme. Haya.

Ankali Waya

Hapana, msimcheke kijana, dalili alizoandika zimekaa sawasawa na zote zinaelekea sehemu moja. Mdogo wangu hiyo ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kontrol boksi iache kwanza.

Nikueleze ili uelewe, usinifuate kama kipofu. Kwenye W124 hasi ya betri inafungwa kwenye bodi. Injini yenyewe inakaa juu ya mpira, injini maunti zile ni mpira, kwa hiyo umeme hauwezi kupita hapo. Kinachounganisha injini na bodi ni kamba moja bapa ya nyaya za kusuka, inatoka kwenye giaboksi inaenda kwenye bodi chini. Stata imefungwa kwenye injini na inakula zaidi ya ampea 150 wakati wa kuwasha, na zote hizo zinatakiwa zirudi kwenye betri kupitia hiyo kamba. Barabara ya kwenda ni lami lakini daraja la kurudia limekatika, ndiyo unasikia "tik".

Na taa? Alteneta nayo imefungwa kwenye injini, umeme inaoutoa lazima urudi kwake. Taa zako kubwa zimefungwa athi kwenye bodi. Ukiwasha, ampea karibu kumi zinatafuta njia ya kutoka kwenye bodi kurudi injini, hazipati njia nzuri, basi injini na bodi zinaachana kivolti. Senza ya joto iko kwenye injini, geji iko kwenye dashibodi upande wa bodi. Zikiachana, geji inasoma uongo na mshale unapanda. Maji yako ni mazima.

Sasa niambie, kabla ya haya kuanza gari ilifanyiwa kazi gani? Usifiche kitu.

Kijana wa Chumbageni

Asante sana kaka kwa maelezo. Haijafanyiwa kitu cha ajabu, ni sevisi za kawaida tu. Ila fundi ana mashine ya kupima na mashine imeandika makosa mengi ya senza, sidhani kama mashine inaweza kudanganya. Boksi kwa milioni moja na laki mbili ni bei nzuri au nimepigwa?

Tajiri wa Spea

Boksi ya M104, hiyo injini yako, ninayo, njoo inboksi, naifanya milioni moja kamili.

Mama Twahir

Sasa hapo wewe unauliza bei ya boksi na mwenzio anakuuliza gari ilifanyiwa nini. Jibu ulichoulizwa mwanangu.

Ankali Waya

Mashine haidanganyi ila inasoma inachopelekewa. Athi ikiwa mbovu senza zote zinapeleka namba za uongo, mashine inaandika makosa ya senza kumi na hakuna hata moja iliyokufa. Ndiyo maana watu wengi wananunua boksi, wanafunga, tatizo liko palepale.

Fanya hivi, usitumie hata shilingi. Fungua boneti, mtu apige stata mara mbili tatu, halafu wewe gusa kebo ya eksileta, ile ya chuma yenye ganda jeusi inayotoka kwenye pedali. Kwa uangalifu, gusa kwa haraka. Ikiwa ya moto umeshapata jibu. Umeme wa stata ukikosa njia yake unapita popote penye chuma kinachounganisha bodi na injini, na kebo ya eksileta ni mojawapo. Inapata moto, ganda la plastiki ndani linayeyuka, pedali inakuwa nzito. Kituko chako cha pedali ni hicho.

Kijana wa Chumbageni

Kaka Ankali. Nimegusa. Ni ya moto na ganda limelainika sehemu inapopita kwenye ukuta wa injini, limeacha alama kwenye kidole. Nimeogopa kwa kweli.

Haya ngoja niseme. Giaboksi ilishushwa. Ilikuwa inavuja oili, fundi akasema tubadilishe sili. Na wakati iko chini tukaona tuipige rangi yote, nje na ndani ya boneti, irudi nyeusi kama ilivyokuja. Tatizo limeanza ilipotoka rangi. Lakini naomba tuelewane, fundi rangi ni mtu wa rangi, hajagusa waya hata mmoja, na fundi gia ni mtu mzima ana miaka mingi kwenye hiyo kazi. Rangi haiwezi kuharibu umeme. Na hiyo rangi ilikuwa lazima, gari inambeba bibi harusi, mdogo wangu wa kike anaolewa mwisho wa mwezi, isingewezekana aingie ukumbini na gari imebabuka.

Bwana Rejeta

Hapo sasa. Injini ilifunguliwa na hukusema.

Kijana wa Chumbageni

Injini haijafunguliwa mkuu, ni giaboksi.

Mama Twahir

Hongera kwa harusi. Gari ni ya nani mwanangu? Maana hujasema "gari yangu" hata mara moja, umesema "nina Benz".

Kijana wa Chumbageni

Ya mzee. Yuko Muscat kwa kaka yake, anarudi wiki ya harusi. Nataka akifika aikute inang'aa, amekuwa akisema kila mwaka ataipiga rangi na hafanyi.

Mama Twahir

Hakukutuma. Mali ya mzazi haiguswi bila ruhusa hata kama nia ni njema, ungempigia simu tu, leo simu za Oman zinapatikana kama unaita mtu chumba cha pili. Mimi nilishuhudia mtu aliyeuza ng'ombe wa baba yake ili amnunulie baba yake trekta, nyumba ile mpaka leo wanasalimiana kwa barua. Mpigie.

Nyundo Saba

Trekta ilikuwa ya aina gani?

Mama Twahir

Hilo ndilo ulilosikia katika yote niliyosema?

Shahidi wa Mezani

Samahani nawakatisha. Mnanishangaza watu wazima mmekaa mnahudumiwa chai na mnaomba kuongezewa sukari. Soma mstari wa kwanza wa mleta uzi, "W124 ya mwaka 98". W124 saluni ilikoma mwaka 1995, iliyobaki mpaka 1997 ni ile ya kufungua juu. Mwaka 98 dukani ilikuwa W210 ya macho ya duara. Mtu mwenye gari nyumbani hawezi kukosea kitu kama hicho. Halafu mara boksi, mara rangi, mara harusi, mara Muscat, kila ukibanwa stori inaongezeka sura. Na Tajiri wa Spea ametokea na boksi mkononi dakika hiyohiyo. Hawa ni watu wawili au ni mmoja?

Pwani Kavu

Nilikuwa najiuliza. Chai ya tangawizi kabisa.

Tajiri wa Spea

Mimi nina duka langu, sina haja ya kutunga hadithi ili niuze boksi moja. Tusivunjiane heshima.

Mla Nundu

Mods wafunge uzi turudi kwenye mpira.

Kijana wa Chumbageni

Kwa hiyo nimekaa usiku nimetunga kebo ya moto ili nipate nini? Kadi ya gari imeandikwa 1998, huo ndio mwaka mzee alioingiza na kusajili, ilikuja ikiwa imetumika, mimi nilikuwa nanyonya. Nimesoma kadi nikaandika nilichokiona. Mnataka niapie nini?

Ankali Waya

Hakuna haja ya kuapa. Angalia namba ya chesisi, usiweke yote hapa, weka tu herufi na tarakimu tisa za mwanzo.

Kijana wa Chumbageni

WDB124028

Ankali Waya

Basi. 124 ni bodi, 028 ni ile saluni ya 2.8. Na kama nyuma imeandikwa E280, E ikiwa mbele, basi ni ya kuanzia katikati ya 1993, kabla ya hapo waliandika 280E. Gari ipo na ni ya kati ya 1993 na 1995. Shahidi ulifanya vizuri kuuliza, mwaka una umuhimu wake na nitaurudia.

Shahidi wa Mezani

Sawa, kwa gari nimekubali. Kwa Tajiri wa Spea bado.

Ankali Waya

Turudi kazini. Kijana umesema rangi haiwezi kuharibu umeme. Rangi haipitishi umeme. Kama fundi alipiga rangi mpaka kwenye vishikizo vya athi halafu bolti zikafungwa juu ya rangi mbichi, umeweka plastiki katikati ya shaba na bati. Na giaboksi ikishushwa ile kamba lazima ifunguliwe, haina ujanja. Swali ni kama ilirudishwa. Ingia chini uangalie. Tumia stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Fundi Nusu

Ankali mimi napinga kidogo. Apime kwa maltimita, aweke kwenye ile ya mlio, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye injini, ikilia athi ni nzima, hadithi imeisha. Kwa nini aingie chini?

Ankali Waya

Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika, na nasema hivi bila kukudharau. Mlio unapima kwa umeme mdogo sana. Hata kebo ya eksileta peke yake itafanya mita ilie, na umeme wa kupimia unapita bila shida. Chukua hesabu: njia yenye ukinzani wa omu 0.02, mita yako itasema sifuri na italia vizuri, lakini pitisha ampea 150 za stata hapo unapoteza volti 3. Betri ya volti 12 ukiitoa volti 3 njiani stata inabaki na nini?

Athi inapimwa ikiwa imebeba mzigo. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi juu ya kichwa chenyewe cha betri upande wa hasi, siyo kwenye klampu, maana klampu nayo inaweza kuwa mbovu. Ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata, wewe soma. Ikizidi nusu volti una tatizo. Halafu chukua waya mmoja wa kubustia betri, funga hasi ya betri moja kwa moja na bloku ya injini, piga stata tena. Ikiamka, umeshamaliza utafiti bila kununua boksi ya mtu.

Fundi Nusu

Hiyo ya mzigo nimeielewa, asante mkuu. Nina Crown hapa gereji nimeihangaikia kwa mtindo huo wa mlio, kesho naanza upya.

Kijana wa Chumbageni

Wakuu nimerudi. Jirani amepiga stata mimi nikashika mita, imesoma 3.8. Nimeunga waya wa kubustia kama ulivyosema kaka, stata imezunguka kwa nguvu, imewaka mara moja. Nimewasha taa kubwa mshale umekaa 80 haujatikisika. Indiketa, dashibodi imetulia. Nimekaa kimya ndani ya gari naangalia tu huo mshale.

Nimeingia chini na tochi, stendi ziko. Kwenye bodi bolti ipo, imekazwa vizuri, imepakwa rangi nyeusi mpaka juu ya kichwa chake na chini yake hakuna kitu. Kamba haipo kabisa. Fundi gia nimempigia anasema "hiyo kamba haina kazi, ni ya kuzuia kelele za redio".

Ila kuna jambo. Boksi nilishatoa advansi ya laki nne. Kwa hiyo bado nafikiria kumalizia niwe nayo kama akiba, gari za zamani hizi huwezi jua. Na bado ikipata moto inamisi kidogo nikiwa kwenye foleni, inaweza kuwa ni boksi kweli.

Pwani Kavu

Laki nne! Na ulisema unauliza kama ununue.

Kijana wa Chumbageni

Advansi siyo kununua.

Ankali Waya

Usimalizie. Na sasa narudi kwenye mwaka. Benz nyingi za takriban 1993 mpaka 1995 zenye hiyo M104 zilitoka na hanesi ya injini, yaani fungu zima la nyaya, ambayo ganda la nyaya zake linakauka kwa joto na kuvunjika vipandevipande. Chukua waya mmoja karibu na koili au injekta, vuta kidogo ile soksi nyeusi ya nje, ukunje taratibu. Ganda likipasuka na kudondoka kama maganda ya karanga kavu, kumisi kwako kunatoka hapo, nyaya zinagusana injini ikipata moto. Na hapo ndipo ningeogopa zaidi kuhusu boksi: nyaya zikipigana shoti zinaweza kuua hata boksi nzima utakayoiweka. Mwombe yule jamaa wa Dar advansi ihamie kwenye kitu kingine. Ila usichukue hanesi ya mtumba ya miaka hiyohiyo, imeoza kama yako. Bora fundi umeme mwenye subira ajenge upya waya mmoja mmoja kwa waya wa kuhimili joto, akibakisha soketi zako.

Kwa leo maliza athi. Toa hasi ya betri kwanza kabla hujagusa kitu. Kama redio bado ni ile ya Becker iliyokuja nayo, ukitoa betri itadai namba ya siri, tafuta kikadi chake kwenye makaratasi ya gari kabla. Fungua ile bolti, piga msasa mpaka uone bati jeupe, upana wa sarafu, na kwenye giaboksi hivyohivyo. Fanya vilevile pale hasi ya betri inapofunga kwenye bodi, maana nako rangi imepita. Weka washa ya meno, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Grisi inakuja mwisho kuzuia chumvi, wewe uko Tanga hewa ya bahari inakula shaba.

Kijana wa Chumbageni

Kikadi cha redio anacho mzee kwenye pochi yake. Kamba nimeulizia maduka mawili hapa hakuna, wanasema niagize. Naweza kutumia waya wa kawaida?

Mama Twahir

Si nilisema umpigie? Sasa una sababu.

Ankali Waya

Unaweza. Kata waya wa betri wa milimita za mraba 35, usipungue hapo, ubanwe vichwa vya shaba ncha zote mbili kwa mashine, usikubali vya kuchomelea risasi tu. Uache ulegee kidogo, injini inacheza ikikanyagwa, ukiuvuta ukanyooka utakatika. Na kebo ya eksileta badilisha kabla ya harusi, hiyo iliyoyeyuka inaweza kukwama mafuta yakiwa yamekanyagwa na bibi harusi yuko ndani.

Kijana wa Chumbageni

Kebo naagiza leo. Mzee nimempigia, amekaa kimya muda halafu ameuliza rangi ni nyeusi ipi. Namba ya redio amenisomea.